BIM: Mfumo wa ujenzi wa Magharibi na funzo lake kwa Kwale

Nyumba ya mawe ya kale ya Waswahili ilipimwa kwa boriti. Kwa kuwa miti ya mkoko iliweza kubeba dari lenye upana wa takriban mita tatu tu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na fundi hakuhitaji karatasi ili kujua mipaka ya kazi yake.

Jengo la kisasa halina usahili huo. Hoteli moja ya Diani huwa na ramani ya msanifu, ya mhandisi wa nguzo na misingi, ya fundi umeme na ya mtaalamu wa mabomba. Ramani hizo zisipopatana, kosa hugunduliwa zege likiwa limekwisha kukauka, na ukuta hutobolewa upya kwa gharama ya mwenye mali.

Ili kuepuka hasara ya aina hiyo, mataifa ya Magharibi yalianza kutumia mfumo wa kielelezo cha taarifa za jengo, unaojulikana duniani kwa herufi BIM. Katika mfumo huu, wataalamu wote hulijenga jengo kwanza ndani ya kompyuta. Mlango si mistari miwili ya wino, bali ni kitu chenye vipimo, aina ya mbao, bei na tarehe ya kufanyiwa ukarabati. Ukuta ukisogezwa, michoro yote na hesabu za vifaa hubadilika pamoja nao.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1975, mtaalamu wa Marekani, Charles Eastman, alichapisha maelezo ya mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi taarifa za jengo mahali pamoja. Hata hivyo, kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali na dhaifu, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya programu kama Revit, iliyotolewa mwaka 2000, kuufikisha mfumo huo katika ofisi za kawaida.

Kilichouimarisha si programu peke yake. Ni wenye miradi waliotamka kwamba bila kielelezo hapana kazi. Idara inayosimamia majengo ya serikali kuu ya Marekani ilianzisha mpango wake mwaka 2003, na shirika la majengo ya serikali nchini Finland likaanza kudai vielelezo mwaka 2007. Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu ingelazimika kutumia mfumo huo kufikia mwaka 2016, na ikawa hivyo. Kanuni za kimataifa za kusimamia taarifa hizo, ISO 19650, zilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018.

Safari hiyo haikuwa nyepesi. Kampuni ndogo zililalamikia bei ya programu na gharama ya mafunzo. Mawakili nao walijiuliza ni nani abebe lawama iwapo kielelezo kilichochorwa na wengi kina kosa. Ndiyo maana mikataba ilibidi ibadilike sambamba na kompyuta.

Kwa Pwani ya Kusini, faida kubwa ya mfumo huu huenda ikaonekana baada ya mafundi kuondoka. Ardhi ya Diani na Tiwi ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, unaopitisha maji kwa urahisi. Visima vya Tiwi huwapa maji wakazi wengi wa ukanda huo, ilhali mashimo ya maji taka ya nyumba na hoteli nyingi huchimbwa katika mwamba wa aina hiyo hiyo. Kujua shimo liko wapi, lina kina gani na liko mbali kiasi gani na kisima ni suala la afya, wala si la uchoraji tu.

Chumvi ya bahari nayo hula vyuma vilivyomo ndani ya zege. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini anayetaka kuuziba ufa sharti ajue kilichomo nyuma yake. Hoteli inapouzwa au kufunguliwa upya baada ya kufungwa kwa miaka, mmiliki mpya asiye na kumbukumbu hulazimika kuchimba ili kutafuta bomba.

Hali ni nyeti zaidi katika hospitali za umma kama ile ya Msambweni. Wodi mpya inapoongezwa kwenye majengo ya zamani, mafundi hawana budi kujua nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi, kwa sababu wagonjwa hawawezi kusubiri huduma zirejee.

Hata hivyo, kielelezo hakichanganyi saruji wala hakimzuii mkandarasi kupunguza vyuma. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari na kutakiwa kubomolewa. Taarifa zilikuwapo; kilichokosekana ni utekelezaji. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011, na Kanuni za Ujenzi za mwaka 2024 zimechukua nafasi ya zile za mwaka 1968, lakini ukaguzi wa mtu aliyesimama penye mradi bado hauna mbadala.

Barabara ya Dongo Kundu imewawezesha wasafiri kuingia Kwale bila kuvuka feri ya Likoni, na njia ikifunguka, ujenzi hufuata. Serikali ya kaunti na wenye hoteli si lazima waanze na programu za bei kubwa. Wanaweza kuanza na sharti moja katika kila zabuni: mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla ya kukabidhi kumbukumbu kamili ya jengo kama lilivyojengwa, pamoja na yote yaliyozikwa chini yake. Magharibi nako mabadiliko yalishika kasi pale mwenye kulipa alipodai.