Ahadi Mikononi mwa Mwenye Duka: Bamba Chakula na Utamaduni wa Huduma Kakuma

Jina la bidhaa ndiyo ahadi ya kwanza inayomfikia mteja, na ni majina machache yaliyoahidi waziwazi kama Bamba Chakula. Kubamba ni kukamata. Polisi humbamba mwizi. Katika Sheng neno hilo limepanuka likawa kujipatia kitu, hata kufurahisha, na Wakenya walikwisha kulizoea kwenye kadi za Safaricom za muda wa maongezi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), likishirikiana na Safaricom, lilianza kuwatumia wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, sehemu ya mgao wao kwa simu badala ya magunia. Jina lenyewe lilimwambia mkimbizi: nenda dukani ukachukue chakula unachokitaka wewe.

Kwa watu wa kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakipangwa foleni kupimiwa nafaka ambayo hawakuichagua, hilo halikuwa jambo dogo. Mgao wa gunia hauulizi kama nyumba hii inakula mtama au tambi, wala kama kuna mgonjwa anayehitaji maziwa. Kuchagua chakula ni heshima, na heshima ndiyo iliyokuwa ikitangazwa. Ninachotaka kuhoji hapa ni nani aliyeachiwa kazi ya kuitimiza.

Mary Jo Bitner, katika makala yake ya mwaka 1995 kuhusu uhusiano katika biashara ya huduma, aliigawa kazi ya masoko katika ahadi tatu: kutoa ahadi, kuwawezesha wahudumu kuitekeleza, na kuitimiza mbele ya mteja. Mwaka mmoja kabla yake, James Heskett na wenzake wa Harvard walionyesha mnyororo unaoanzia kwenye hali ya mfanyakazi, ukapitia ubora wa huduma na uaminifu wa mteja, ukaishia kwenye faida. Mawazo hayo mawili yamefundishwa sana, na nayakubali. Lakini yote mawili yanamchukulia mhudumu kuwa mtu aliyeajiriwa na mwenye chapa: anayelipwa mshahara, anayeweza kufunzwa, kuhamishwa au kupandishwa cheo. Kakuma mhudumu wa Bamba Chakula hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa mwenye duka, mkimbizi au mwenyeji Mturkana, aliyepewa mkataba wa kupokea malipo hayo. Mtaji ni wake na hasara ni yake. Hata hivyo, machoni pa mteja, yeye ndiye Bamba Chakula.

Tusogee hadi kwenye kaunta yake. Duka ni la mabati. Magunia yamefunguliwa midomo, kuna madebe ya mafuta, mizani na simu. Mteja anafika na laini yake. Wengine, hasa wasiojua kusoma, humkabidhi muuzaji simu pamoja na namba ya siri. Kando ya mizani liko daftari, na humo mnaandikwa kile ambacho tangazo halikukitaja: deni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwamo Alexander Betts na Olivier Sterck, walieleza jinsi mkopo wa dukani ulivyotawala maisha ya kaya nyingi katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma, ambako kila mtu alikuwa akipata takriban shilingi 1,400 kwa mwezi. Wapo wenye maduka waliokuwa wakishika laini au kadi ya benki ya mteja kama dhamana mpaka deni liishe.

Hapo ahadi inageuka. Mteja ambaye laini yake imefungiwa kwenye droo ya duka moja hana duka la pili la kwenda. Hawezi kubishana juu ya bei, wala kukataa unga wenye wadudu. Uhuru wa kuchagua uliotangazwa kwa mamia ya maelfu ya watu unaishia mikononi mwa mdai mmoja.

Jibu jepesi ni kusema wenye maduka ni walafi, kisha kuwaitia semina ya huduma kwa wateja. Nalipinga kwa nguvu zote. Mwenye duka naye anadaiwa. Bidhaa zake nyingi hupanda kutoka Kitale, zikapita Lodwar, kisha zikaendelea kilomita zipatazo 120 hadi Kakuma, na yeye huzichukua kwa mkopo kwa wauzaji wa jumla, ambao ni wachache. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, lakini wauzaji wa jumla 14 tu. Pesa za wateja zikichelewa wiki mbili, muuzaji wa jumla hangoji. Anayezibeba wiki hizo ni mwenye duka, na dhamana pekee aliyo nayo ni laini ya mteja wake. Pia tulitendee haki daftari lenyewe: linalisha watoto tarehe ishirini na tano, pesa zikiwa zimekwisha, kazi ambayo Bamba Chakula haikuahidi kuifanya. Tabia tunayoilaumu kwenye kaunta imezaliwa na ratiba ya malipo na uhaba wa mtaji.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom hiyo hiyo, inatoa mfano wa karibu. Ilipozinduliwa mwaka 2007 iliahidi jambo moja, kutuma pesa nyumbani, na ahadi hiyo nayo ilikabidhiwa watu wasioajiriwa: mawakala wenye vibanda, Lodwar kama kwingineko. Lakini wakala alikuwa na kamisheni kwa kila muamala, na suala la yeye kuwa na pesa taslimu na salio la kutosha lilichukuliwa kuwa shida ya mfumo mzima, likawekewa utaratibu na watu wa kulisimamia. Aliyeahidi alijua kuwa wakala akiishiwa, ahadi imekufa. Hiyo ndiyo ahadi ya pili ya Bitner, ile ya kuwezesha, na ndiyo iliyopewa uzito mdogo mno Kakuma.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa Kalobeyei yenyewe. Tangu mwaka 2019 sehemu ya wakazi walihamishiwa kwenye pesa taslimu zisizo na masharti, kupitia akaunti za benki. Ahadi ikapanuliwa: sasa si chakula tu, ni chochote, na katika duka lolote. Hata hivyo deni liliwafuata wengi huko huko, na kadi ya benki ikachukua nafasi ya laini kwenye droo. Wenye mpango waliibadilisha ahadi, wakaiacha kaunta kama ilivyokuwa.

Machi 2025 wakimbizi waliandamana Kakuma kwa sababu ya kupunguzwa kwa msaada, na mwezi wa Agosti kaya zikaanza kugawanywa katika makundi kwa kiwango cha uhitaji. Mgao ukipungua, kila deni lililoandikwa kwa kutegemea kiwango cha zamani linakuwa zito mara mbili, kwa aliyekopa na kwa aliyemkopesha. Kwa hiyo mwenye duka wa Kakuma au Kalobeyei anastahili kuijua tarehe ya pesa na kiasi chake kabla hajaagiza magunia kwa muuzaji wa jumla, siku ile ile wateja wake wanapoambiwa, na kwa lugha anayoielewa. Anastahili mkopo wa mtaji wenye masharti ya haki, ili asiwe na sababu ya kushika laini ya mtu. Na kiti chake kiwepo kwenye mkutano ambapo jina la mpango unaofuata litachaguliwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa maana yake kesho yake asubuhi, mizani ikiwa mezani.