Mashine Inaandika Programu Tangu 1952. Swali ni Nani Anaiambia Iandike Nini

Swali mnaloniuliza sana siku hizi ni hili: kama AI inaandika programu yenyewe, kijana wa Silibwet atasomea kompyuta ya nini?

Hofu yenyewe naielewa. Sisi ni watu wa majani chai. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa kule Kericho, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na hao watu wana watoto shuleni. Kwa hivyo hapa kwetu ukisema mashine itachukua kazi, hakuna mtu anacheka. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo sijakuja hapa kumuuzia mtu digrii. Nimekuja na historia, kwa sababu kuna kitu wanaopiga kelele mitandaoni hawasemi. Mashine kuandika programu si habari ya juzi. Ina zaidi ya miaka 70. Na sura moja nzuri sana ya hiyo historia iliandikwa hapa Bonde la Ufa, kwa ndugu zetu Wanandi na pale Eldoret.

Tuanze mwanzo. Kompyuta za kwanza zilielewa namba peke yake. Ukitaka ifanye hesabu, unaiandikia namba hatua kwa hatua mpaka macho yanauma. Mwaka wa 1952, Mmarekani mmoja mtaalamu wa hisabati, Grace Hopper, alitengeneza A-0, programu iliyopokea maagizo mafupi na kuyaunganisha kuwa programu nzima. Mwaka wa 1957 timu ya John Backus pale IBM ikatoa FORTRAN. Sasa mtu wa hesabu anaandika fomula karibu vile anavyoiandika daftarini, na kompyuta inajitengenezea zile namba. Wakati huo kazi hii ilikuwa ikiitwa kuprogramu kiotomatiki. Na wapo walioapa kwamba mashine haiwezi kuandika vizuri kama mtu. Unasikia hayo maneno? Ni yale yale ya leo.

Kisha ikaja COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka wa 1959 kwa kazi za ofisi. Hiyo ilitumia maneno ya kawaida ya Kiingereza kama ADD na SUBTRACT. Angalia vizuri hapo. Watu wa fomula walipewa lugha ya fomula, watu wa hesabu za ofisi wakapewa lugha ya ofisi. Kila kundi lilisogezewa kompyuta karibu na maneno yake. Na waandishi wa programu hawakuisha, waliongezeka.

Shida ilianza watu walipotaka kupata kila kitu mara moja. Mwaka wa 1981 huko Uingereza iliuzwa programu iliyoitwa The Last One, yaani ile ya mwisho. Ilikuuliza maswali, kisha ikakuandikia programu kwa lugha ya BASIC. Jina lenyewe lilikuwa ahadi: ukinunua hii, hutahitaji nyingine tena. Ngoja nikuambie, zimekuja nyingine nyingi. Baadaye zikaja zana za kuchora visanduku na mishale, unachora mfumo wako wote halafu mashine inakuzalia programu. Nyingi za hizo zana zilitupwa kando.

Zilikwama wapi? Zilitaka mchoro mmoja ufae benki, hospitali na ndege. Maelezo yanayofaa kila kazi duniani yanakuwa marefu na magumu kama programu yenyewe, sasa umeokoa nini? Fikiria ile mashine ya kuchuna chai. Inafanya kazi kwa sababu chai imekatwa ikawa bapa juu kama meza. Ipeleke kwenye maharagwe uone aibu.

Waliofaulu walichagua kazi moja nyembamba. Walichukua maneno ambayo watu wa kazi hiyo tayari wanayatumia, wakayapanga kuwa lugha ndogo, kisha wakatengeneza mashine ya kugeuza maelezo hayo kuwa programu. Hayo maelezo ndiyo yanaitwa modeli. Anayeyaandika si lazima ajue programu inavyotengenezwa ndani. Lazima ajue kazi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi kilianza kutumia kompyuta kuweka rekodi za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ulikuwa mfumo mdogo uliojengwa kwa Microsoft Access. Wakati huo ukimwi ulikuwa unamaliza watu, na mpango wa AMPATH pale Eldoret ulikuwa unapokea wagonjwa wengi kuliko mfumo huo ungeweza kubeba. Tena maswali ya daktari yalikuwa yanabadilika kila wakati: dawa mpya, kipimo kipya, swali jipya. Kama kila swali jipya linamhitaji mtaalamu afungue programu na kuibadilisha, mgonjwa atangoja sana.

Kuanzia mwaka wa 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana, wakishirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health, walianza kujenga OpenMRS. Februari 2006 ikaanza kazi Eldoret. Wazo lake kubwa ni kamusi. Kila kitu ambacho kliniki inataka kujua, iwe uzito, CD4 au kikohozi, ni mstari mmoja kwenye kamusi hiyo. Ukitaka kuuliza kitu kipya unaongeza mstari, programu yenyewe huigusi. Kamusi inasimamiwa na watu wanaojua dawa. Leo OpenMRS inatumika katika nchi nyingi duniani, na mahali pa kwanza kuitumia palikuwa Eldoret.

Mwaka wa 2008 ikaja ODK kutoka Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette walitaka simu za Android zichukue mahali pa fomu za karatasi. AMPATH walikuwa kati ya watu wa mapema kuitumia, wahudumu wakitembea boma kwa boma wakipima watu virusi. Lakini fomu zenyewe ziliandikwa kwa lugha ya XML, mabano juu ya mabano. Ukisahau bano moja, fomu nzima inakataa.

Hapo ndipo Andrew Marder na Alex Dorey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipoleta kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hadithi hii: XLSForm. Fungua Excel. Kila mstari ni swali moja. Safu ya `type` inasema jibu ni la aina gani, `name` ni jina la swali, na `label` ni maneno ambayo mtu ataona kwenye simu. Tuseme unataka fomu ya kituo cha majani. Unaandika `integer`, halafu `kilo`, halafu "Umeleta kilo ngapi leo?" Kwenye safu ya `constraint` unaweka `. > 0` ili mtu asiandike sufuri. Kwenye safu ya `relevant` unasema swali hili liulizwe tu kama jibu la swali fulani lilikuwa ndiyo. Ukitaka Kipsigis, unaongeza safu nyingine ya `label`. Ukimaliza, programu inayoitwa pyxform inageuza hiyo Excel kuwa ile XML yenye mabano, na simu inaisoma. Karani yeyote anayejua Excel ameandika programu, hata kama yeye mwenyewe hajui ameandika programu.

Na kama unadhani hayo ni mambo ya wazungu na wagonjwa wa zamani, angalia CHP wa kijiji chako. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 vifaa vya kazi, pamoja na simu. Mfumo ulio ndani ya hizo simu, eCHIS, umejengwa juu ya Community Health Toolkit, na fomu zake huandikwa kwa XLSForm. Yule mama anayekuja kwenu kuuliza kama mtoto amechanjwa amebeba mfukoni programu iliyozaliwa kutoka kwa jedwali.

Sasa nifike kwenye maoni yangu, kwa sababu hapa ndipo mambo yanauma.

Mashine inayozalisha programu haibishani. Ukiiambia boma lina mume mmoja na mke, itazalisha fomu yenye mume na mke, na ile fomu itaenda kwenye simu 100,000 bila kuuliza swali. Kwetu Wakipsigis, na kwa Wanandi pia, kuna desturi ya zamani ya mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume kuoa mwanamke mwenzake, mahari inalipwa, na watoto wanakuwa wa nyumba hiyo. Fikiria fomu yenye orodha ya majibu iliyoandikwa na mtu asiyejua hilo. CHP amekaa hapo nje kwa nyumba ya hao akina mama, simu inamwambia achague, na chaguo lao halipo. Atadanganya kidogo ili fomu iendelee. Halafu huo uongo mdogo unakuwa takwimu, na takwimu inakuwa bajeti.

Au chukua majani. Mkulima mmoja, namba moja, akaunti moja. Hiyo ni modeli pia, na ni ya zamani kuliko kompyuta zetu. Jina kwenye namba mara nyingi ni la baba. Anayeamka saa kumi na moja kuchuna mara nyingi ni mama. Bonasi ikija, inafuata namba. Ukiweka mizani ya kielektroniki juu ya modeli hiyo, kilo zitapimwa sawasawa kabisa, na bado mama hataonekana mahali popote. Hakuna kosa kwenye programu. Programu imetii vile ilivyoambiwa.

Ndiyo maana swali la "AI itaandika msimbo?" nimechoka nalo. Itaandika, kama kompaila ilivyoandika mwaka wa 1957 na kama pyxform inavyoandika sasa hivi. Kuna tofauti moja tu ninayoiona kubwa. Jedwali la XLSForm ukilipa karani, CHP au nyanya yako anayejua kusoma, anaweza kuweka kidole kwenye mstari na kusema, "Hapa si hivyo." Maelezo yako wazi. Ukiiambia AI kwa sentensi mbili ikutengenezee mfumo wa wakulima wa chai, yale maamuzi yote kuhusu nani ni mkulima na nani ni mwenye boma imekufanyia kimya kimya, na imeyachukua kutoka mahali ambapo hawajawahi kuona Silibwet.

Najua mtaalamu atakuja hapa chini aseme Excel si programu, na kwamba XLSForm haiwezi kujenga benki. Kweli haiwezi, na ndiyo sababu inafanya kazi. Na ni kweli pia kwamba mtu fulani alilazimika kuketi na kuandika hiyo pyxform, kwa hivyo anayependa uhandisi asome, kazi ipo. Lakini wengi wenu mnaoniuliza mna kitu ambacho yule mhandisi hana. Umekaa kwenye kituo cha majani, umepanga foleni hospitalini na mgonjwa, unajua ni kwa nini karani huandika jina la mtoto badala ya baba. Hayo ndiyo modeli inatengenezwa nayo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mdogo. Chagua kazi moja unayoijua mpaka mifupani. Iandike kwa Excel: vitu gani vipo, nani anafanya nini, ni majibu gani yanawezekana, na ni yapi watu wa nje husahau. Jaribu XLSForm, ni ya bure. Kisha, wakati fomu mpya inaletwa kwenu na kaunti, kiwanda au shirika, omba kuona orodha ya majibu kabla haijaingia kwenye simu. Usiulize nani aliandika programu. Uliza nani aliandika hiyo orodha, na kama mama yako yumo.