Atachimenti haitafutwi Aprili: mwongozo kwa mwanafunzi wa Pwani na mzazi wake

Kila mwaka, vyuo vikikaribia kufunga mwezi wa Mei, wazazi hunipigia simu na swali moja: "Huna mtu bandarini amsaidie mwanangu apate atachimenti?" Huwajibu kuwa sina. Kisha huwauliza mtoto ameomba wapi na lini. Mara nyingi nakuta ameanza kutafuta Aprili, na ameandikia ofisi moja tu, ile ile iliyoandikiwa na wanafunzi wa Kenya nzima.

Tunalalamika barazani kwamba kazi za Pwani zachukuliwa na watu wa mbali. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini atachimenti ndiyo mlango wa kwanza wa kazi, na asiyeupita hana mkubwa wa kumtaja nafasi ikitokea. Tena katika kozi nyingi, asiyefanya atachimenti hahitimu.

Tutofautishe kwanza. Atachimenti ni ya aliye bado chuoni. Aghalabu ni ya miezi mitatu hivi, na sehemu nyingi haina malipo. Uanagenzi, ambao vijana huuita intanshipu, kwa kawaida ni wa aliyemaliza. Ule wa Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), kwa mfano, ni wa waliohitimu shahada, huchukua mwaka mmoja na una posho. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu asipoteze muda wake huko.

Wapi pa kuomba

Bandari (KPA) iombe, lakini usiishie hapo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayesomea sayansi ya bahari aiandikie Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), ambayo makao yake makuu yako Mkomani, Mombasa. Wa mambo ya meli ajaribu Mamlaka ya Ubaharia (KMA), nayo makao yake ni Mombasa. Wa historia au Kiswahili akumbuke Makavazi ya Kitaifa, yenye vituo Fort Jesus, Gede na Lamu. Wa uhasibu, kompyuta na biashara wana kampuni za kutoa mizigo bandarini, sacco, na serikali za kaunti zetu sita.

Wa hoteli wajue kwamba Mei na Juni, wakati wa masika na baada yake, wageni ni wachache na hoteli nyingine hupunguza watu. Zungumza na chuo mapema kama unaweza kuanza Julai.

Pia kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Waajiri huilipa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na atachimenti ni sehemu ya kazi yake. Iulize ofisi ya atachimenti ya chuo chako namna ya kupitia huko.

Namna ya kuomba

Tayarisha barua ya chuo, bima ya ajali, nakala ya kitambulisho, wasifu wa kurasa mbili usizidi, na barua ya maombi inayotaja idara unayoitaka na tarehe zako. Ukitaka kuanza Mei, barua ziondoke Januari au Februari. Andikia sehemu kumi. Taasisi kubwa nyingi hupokea maombi kwa mtandao tu, kwa hivyo soma tangazo hadi mwisho. Ofisi ndogo peleka mwenyewe, uliza jina la aliyeipokea, na urudi baada ya wiki mbili.

Kuhusu pesa, kuna hospitali na taasisi zinazotoza ada, lakini hiyo hulipwa kwenye akaunti ya taasisi na risiti hutolewa. Anayekwambia umtumie "ya chai" kwa simu yake ni mwizi, hata awe jamaa. Pesa mzazi anazopaswa kuziweka ni za nauli na chakula cha mchana kwa miezi mitatu. Nawajua vijana walioacha katikati kwa sababu hilo halikupangwa nyumbani.

Wazazi wa wasichana huniuliza sana kuhusu hijabu na swala. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini. Lakini usingoje mgogoro: siku ya kwanza mweleze msimamizi, kwa adabu, saa za swala na Ijumaa, na jinsi utakavyofidia muda. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Binti akisumbuliwa, amwambie mhadhiri anayemsimamia na wazazi wake siku hiyo hiyo. Nasi wazazi tumsikilize kabla ya kumlaumu.

Ukishaingia, fika mapema na ujaze daftari la kazi kila siku, litiwe sahihi kila wiki. Ukiona kazi yako imekuwa kununua chai tu, omba kazi ya fani yako. Wiki ya mwisho, kabla hujaaga, omba barua ya kuthibitisha ulichofanya na ruhusa ya kumtaja msimamizi wako kama mdhamini. Ukirudi kuiomba mwaka ujao, huenda msimamizi huyo amehamishwa.