Shamba la Liliesleaf: Majengo, Tabaka na Mapambano

Historia ya ukombozi mara nyingi huandikwa kwa majina ya viongozi na tarehe za mikutano. Njia hiyo si kosa, lakini haitoshi. Mapambano hufanyika mahali: chini ya paa fulani, juu ya ardhi yenye mwenyewe, katikati ya watu wanaofanya kazi kwa ujira. Kada asiyejua kuchambua mahali hawezi kuyachambua mapambano yenyewe.

Katika makala hii tunachambua shamba moja dogo la takriban ekari 28 lililokuwa Rivonia, kaskazini mwa Johannesburg, Afrika Kusini. Jina lake ni Liliesleaf. Lilikuwa makao ya familia za Kizungu. Likageuzwa maficho ya wapigania uhuru. Baadaye likawa nyumba ya wageni, na mwishowe makumbusho. Swali letu ni hili: kila majengo hayo yalipobadilishiwa kazi, ni nini kilichobadilika, na ni nini kilichobaki vilevile?

Ardhi na sheria yake

Hapana budi tuanze na ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika, waliokuwa wengi mno kuliko Wazungu, takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1936 kiwango hicho kiliongezwa kufikia karibu asilimia 13. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa ya Wazungu. Kwa hiyo shamba la familia ya Kizungu, hata liwe dogo na la amani kiasi gani, lilisimama juu ya unyang'anyi uliohalalishwa kwa sheria.

Mpango wa majengo ulieleza jambo hilo waziwazi. Nyumba kubwa ilikuwa ya mwenye mali. Pembeni yake vilikuwapo vyumba vya watumishi, stoo na mabanda. Aliyelala nyumba kubwa na aliyelala nyuma walijulikana kwa rangi kabla ya kujulikana kwa majina. Ramani ya shamba ilikuwa ramani ya taifa zima kwa udogo wake.

Familia mbele, mapambano nyuma

Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa makaburu waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Mwezi uliofuata ANC na PAC zilipigwa marufuku; Chama cha Kikomunisti kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku tangu mwaka 1950. Njia za mapambano ya wazi zikawa zimezibwa. Mwaka 1961 Chama cha Kikomunisti, kikifanya kazi kwa siri, kililinunua shamba la Liliesleaf kwa kupitia kampuni ya kufichia. Arthur Goldreich, msanii wa Kizungu, akahamia nyumba kubwa pamoja na mkewe Hazel na watoto wao. Kwa mpita njia hiyo ilikuwa familia ya Kizungu yenye nafasi, na watumishi wake wakiwa nyuma kama kawaida.

Mmoja wa "watumishi" hao alijiita David Motsamayi. Alivaa ovaroli ya buluu na kujulikana kama mtunzaji wa shamba. Huyo alikuwa Nelson Mandela, aliyekuwa akitafutwa na polisi nchi nzima, na ambaye tarehe 16 Desemba 1961 jeshi aliloliongoza, Umkhonto we Sizwe, lilijitangaza rasmi. Mkewe Winnie na watoto walimtembelea huko kwa siri, na kwa muda mfupi shamba hilo la familia ya uongo likawa mahali pa familia ya kweli kukaa pamoja.

Siri hiyo iliwezekanaje? Jibu si ujanja mtupu. Mfumo wa kibaguzi ulikuwa umejizoesha kumwona Mwafrika kama mikono ya kazi tu. Aliyevaa ovaroli hakutazamwa usoni. Wapigania uhuru walichukua upofu huo wa mnyonyaji wakaufanya ngao yao. Majengo yalibaki yaleyale na mpangilio uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeyamiliki na kwa shabaha gani.

Lakini uchambuzi wetu usiishie kwenye sifa. Mandela mwenyewe alisimulia kwamba mafundi na vibarua waliokuwa wakitengeneza majengo, wengi wao Waafrika kutoka Alexandra, walimwita boi na kumtuma chai. Walimdharau kama tajiri alivyowadharau wao. Hapo pana somo zito: itikadi ya mnyonyaji huingia hata katika kichwa cha mnyonge, na kununua shamba hakuitoi. Ndiyo sababu elimu ya siasa haina mbadala.

Kosa na gharama yake

Januari 1962 Mandela alitoroka nchi kupitia Bechuanaland, akatua Mbeya. Hotelini aliona weusi na weupe wameketi pamoja bila mtu kushtuka. Tanganyika ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu wa Uhuru. Kisha akafika Dar es Salaam na kuonana na Mwalimu Nyerere. Alirudi kwao Julai, akakamatwa karibu na Howick tarehe 5 Agosti 1962. Kutoka gerezani aliagiza karatasi zake zilizobaki Liliesleaf ziteketezwe. Hazikuteketezwa.

Wakati huohuo shamba liliendelea kutumika kupita kiasi. Watu wengi mno walipajua. Viongozi waliitambua hatari hiyo, wakawa wamepata mahali pengine pa kujificha. Hata hivyo wakakubaliana wakutane Liliesleaf kwa mara moja ya mwisho. Tarehe 11 Julai 1963, wakiwa katika nyumba ndogo iliyoezekwa nyasi, polisi waliingia uani wakiwa wamejificha ndani ya gari la dobi. Walikamatwa Walter Sisulu, Govan Mbeki, Raymond Mhlaba, Ahmed Kathrada na wenzao. Karatasi za Mandela zikawa ushahidi dhidi yake. Tarehe 12 Juni 1964 washtakiwa wanane walihukumiwa kifungo cha maisha.

Wafanyakazi wa shamba nao walikamatwa, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani kama mashahidi wa serikali. Majina yao hayatajwi sana. Sisi tunasema gharama ya kosa lile waliilipa pia watu ambao hawakuulizwa kama walitaka kuishi ndani ya siri.

Jengo baada ya mapambano

Shamba liliuzwa. Ardhi ikakatwa viwanja, mji ukaizunguka, na majengo yakatumika kama nyumba ya wageni. Watu walilala kwa malipo pale ambapo historia ilifanyika, na soko halikuwa na sababu ya kuwaeleza. Baada ya ushindi wa mwaka 1994 juhudi za kuyarudisha majengo zilianza. Mwaka 2002 dhamana iliundwa, na mwaka 2008 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 2021 yalilazimika kufunga milango kwa kukosa fedha. Ni dhahiri kwamba kumbukumbu nayo ni uwanja wa mapambano: isipolindwa na umma, hubaki ikitegemea mfuko wa mtu.

Hapa kwetu upo mfano unaofanana. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC ardhi ya shamba la mkonge lililoachwa Mazimbu, Morogoro. Majengo ya zamani yalitumika kuanzia shule, ambayo baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 mali hiyo ilikabidhiwa kwa Tanzania, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Liliesleaf ilijificha kwa sababu ilizungukwa na adui; Mazimbu ilijengwa mchana kweupe kwa sababu ilizungukwa na ndugu.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, jengo halina itikadi. Walio ndani yake ndio wanaoliamulia kazi. Pili, mahali palipotuokoa jana panaweza kutuangamiza leo tukipazoea. Tatu, siri inaweza kuanzisha mapambano, lakini ngome ya kudumu ni umma unaojua unachopigania. Kada anayekwenda Mazimbu asitazame kuta tu. Aulize nani alikata mkonge pale, nani alijenga, na nani anasoma sasa.