Fedha za Shule Zilizopotelea Njiani

Mzazi anayempeleka mtoto shuleni huweka tumaini lake mikononi mwa watu wengi, na wengine wao hawajui hata kwa sura. Yuko mwalimu, yuko mkuu wa shule, wako wakubwa wa wilaya, iko serikali. Kila mmoja ana sehemu yake ya kazi. Lakini mzazi atajuaje kama kila mmoja ameitimiza? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, maana mambo yaliyowapata yana fundisho kubwa.

Fedha zilitumwa, hazikufika

Katika miaka ya 1991 hadi 1995 serikali ya Uganda ilikuwa na mpango wa kusaidia shule za msingi. Mbali na mishahara ya walimu, kila mwanafunzi alihesabiwa fedha kidogo za vitabu, chaki na mahitaji mengine: shilingi 2,500 kwa madarasa ya chini, shilingi 4,000 kwa madarasa ya juu. Fedha hizo zilitoka katika hazina ya Kampala, zikapitia ofisi za wilaya, ili zifike shuleni.

Mwaka 1996 wachunguzi walikwenda katika shule 250 za wilaya 18. Walishika hesabu za hazina kwa mkono mmoja na daftari za shule kwa mkono mwingine, wakazilinganisha. Kumbe! Katika kila shilingi 100 zilizotumwa kwa ajili ya shule, zilizofika zilikuwa 13 tu, kwa kadiri ya wastani. Shule nyingi hazikupata kitu kabisa. Na zile zilizopata zaidi zilikuwa mara nyingi shule za mahali penye wazazi wa hali nzuri, ambao wakuu wao walijua kudai. Maskini ndiye aliyeibiwa zaidi.

Tena tuangalie neno moja la ajabu. Mishahara ya walimu haikupotea kwa kadiri hiyo. Kwa sababu gani? Kwa sababu kila mwalimu alijua mshahara wake ni kiasi gani, ukipunguzwa, atauliza. Lakini fedha za vitabu na chaki wazazi hawakuzijua, na walimu wengi vile vile hawakuzijua. Nani atadai kitu asichojua kwamba ni chake? Wazazi waliendelea kutoa michango yao kila muhula, wakidhani serikali haina kitu cha kuwapa.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Lakini huko Uganda daftari lilikuwako. Shida ni kwamba lilikuwa limefungwa, na waliolifungua walikuwa wachache.

Habari ikatangazwa

Serikali haikuficha aibu hiyo. Ilianza kuchapisha katika magazeti na kutangaza katika redio kiasi cha fedha kilichopelekwa katika kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Kisha kila shule ya msingi iliamriwa kubandika karatasi mahali pa wazi, ionyeshe fedha zilizopokelewa. Mzazi akipita aliweza kuisoma. Asiyejua kusoma aliweza kumwomba mtoto wake amsomee.

Baadaye wachunguzi walirudi katika nyingi za shule zile, wakatazama fedha za mwaka 2001. Safari hii katika kila shilingi 100, zaidi ya 80 zilifika. Wataalamu wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walionyesha pia kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilipata nafuu zaidi kuliko zile za mbali, kwa kuwa wakuu wao walijua mapema kiasi walichopaswa kupokea.

Hata hivyo tusiseme kwamba karatasi peke yake ilifanya yote. Wataalamu wengine wamekumbusha kwamba katika miaka ile ile hazina ilitengeneza upya njia ya kutuma fedha, na nchi zilizotoa msaada zilikaza macho. Karatasi ukutani hutenda kazi ikiwa juu yake yuko mkubwa anayeogopa kuulizwa.

Fedha si elimu

Iko shida nyingine. Mwaka 1997 Uganda ilifungua shule za msingi bila malipo, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Madarasa yalijaa hadi mlangoni. Halafu, katika miaka ya 2002 na 2003, wachunguzi walipofika shuleni bila kutoa taarifa, walikuta walimu 27 katika kila 100 hawapo. Fedha zimefika, chaki ipo, mwalimu hayupo! Basi hesabu ya fedha ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni hii: mwalimu alifundisha siku ngapi, na watoto wangapi wamejua kusoma?

Na sisi?

Katika Kongo wazazi wanalijua jambo hili kwa jasho lao. Tangu miaka ya 1990 wao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kuwalipa walimu, katika shule za serikali na katika zile zinazoongozwa na makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kuondoa malipo katika shule za msingi za umma. Lakini kuondoa malipo si sawa na kufungua daftari.

Kwa hiyo, wazazi wa komite ya shule, msiogope kuuliza kwa heshima: fedha ngapi zimekuja, zimefanya nini, watoto wamejifunza nini? Na wewe mkuu wa shule, usidhani kwamba anayeuliza ni adui yako. Mtu mwaminifu hapotezi kitu akifungua daftari mbele ya watu, anapata mashahidi.