Reli, Kahawa na Jirani: Somo kutoka Kilimanjaro

Husikika mara nyingi katika sharika zetu kwamba hakuna kizazi kilichopata kuona mabadiliko ya kasi kama hiki chetu. Simu imeingia mpaka jikoni, michango ya harusi inakusanywa kwenye makundi ya WhatsApp, na vijana wanajua habari za ng'ambo kuliko za nyumba ya pili. Tunaingiwa na hofu, na hofu hiyo ina sababu. Lakini wazee wetu wa Kilimanjaro wakitusikia wangeuliza: mnadhani sisi tulipita wapi?

Tuhesabu miaka tu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi. Mwaka 1916, vita ikiendelea, Waingereza waliitwaa Moshi, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondolewa nchini. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1893 alikuwa hajatimiza miaka 30, naye ameshaona dini mpya, shule, kodi ya fedha, gari moshi na tawala mbili za kigeni.

Watu hawa walisimamaje? Mmoja aliyejiuliza swali hilo ni mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi huko, kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Alijifunza sana mila na sheria za Wachaga, akaona kwamba mtu anashikiliwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Aliamini Injili haikuja kuvikata vifungo hivyo bali kuvitakasa. Kwa hiyo usharika ulipangwa kwa ujirani, chini ya wazee, na vijana wa kipaimara waliunganishwa na wenzao ili waangaliane katika maisha.

Gutmann aliogopa pia. Aliona fedha na maisha ya mjini vitamfanya kila mtu aishi kivyake. Hapa Wakristo wake hawakumfuata mpaka mwisho. Walitaka shule, wakapanda kahawa chini ya migomba katika vihamba vyao, ijapokuwa baadhi ya walowezi hawakupenda Mwafrika alime zao hilo. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama cha ushirika kinachojulikana hata leo. Zao lilikuwa jipya na soko lilikuwa la mbali, lakini watu waliozoea kuchimba na kusafisha mfongo pamoja walijua tangu zamani kwamba maji hayafiki kihamba cha chini pasipo jirani wa juu. Gutmann aliona sawasawa juu ya jirani. Wakulima nao waliona sawasawa kwamba jirani anaweza kuingia sokoni pamoja nasi.

Kanisa nalo lilipita njia hiyo. Wamisionari walipoondolewa, waalimu na wazee wenyeji waliendelea kufundisha, kusali na kutunza waumini, ingawa hakuna aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Sharika hazikufa. Mwaka 1934 wachungaji wenyeji wa kwanza wa eneo hili wakabarikiwa, na KKKT ilipoundwa mwaka 1963, kiongozi wake wa kwanza alikuwa mwana wa mlima huo, Stefano Moshi.

Tusiipambe historia hii kupita kiasi. Ukoo ulioweza kumlinda yatima uliweza pia kumnyima mjane. Kahawa ilisomesha watoto, lakini ilipandisha thamani ya ardhi, na ndugu wakagombana juu ya mipaka. Ndiyo maana vifungo vya kale vilihitaji Injili, kama vile vitu vipya vinavyoihitaji.

Basi swali letu lisiishie kuuliza kama simu ni nzuri au mbaya. Tuulize: ni nani anayejua kwamba bibi wa nyumba ile hajapika tangu jana? Leo tunaweza kutuma rambirambi kwa simu na tusikanyage msibani. Fedha imefika, mtu hajafika. Tukizoea hivyo, tutakuwa na usharika wenye namba nyingi za simu na majirani wachache, na agizo la Paulo kwa Wagalatia juu ya kubebeana mizigo litabaki la kusomwa tu.

Tunaweza kuanza na jambo dogo. Vijana wetu wa kipaimara wapewe wenzi wa kutembea nao, na uhusiano huo usiishe siku ya sherehe. Mmoja akienda Dar es Salaam kutafuta kazi, mwenzake ampigie, amuulize anakula nini na anasali wapi. Na aliyebaki nyumbani apite kwa mama wa mwenzake, abishe hodi, akae kidogo.