Simba wa Singida na Mabomu ya Arusha: Ugaidi Upi Utazamwe Kwanza?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika nchi ya Wanyaturu huko Singida, watu walikuwa wakikutwa wamekufa mashambani na njiani, miili imeraruliwa kama ya mtu aliyekamatwa na simba. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: ameliwa na simba. Serikali ya kikoloni ilipochunguza ikabaini kwamba vifo kadhaa vilikuwa kazi ya binadamu waliojivika ngozi za simba, na nyuma yao walikuwapo waliowatuma. Kesi zikafunguliwa, baadhi ya washtakiwa wakanyongwa. Wanahistoria wamerudi kwenye mkasa huo kwa sababu nyingi, lakini kwa mjadala huu inatosha moja. Mtu akiuawa na simba, hakuna wa kuulizwa. Neno simba lilimpa muuaji mahali pa kujificha, na kijiji kizima kikapata ruhusa ya kunyamaza.

Kutoka Singida barabara hupita Katesh na kuingia Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mkazi wa Singe, moja ya kata za mji huo, anaishi kwenye njia panda ya hofu za aina nyingi. Kaskazini iko Arusha ya mabomu ya 2013. Magharibi iko Singida, na mbele yake nchi ya Wasukuma, ambako kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Upande wa kusini lami inakwenda Kondoa na Dodoma, mji ambako mbunge alimiminiwa risasi mchana kweupe mwaka 2017. Je, mkazi huyu aelekeze macho yake wapi? Swali si la Singe peke yake. Macho ya umma yana kikomo. Kurasa za kwanza za magazeti ni chache, muda wa Bunge ni mfupi, na kila hofu inayopewa nafasi huinyima nyingine.

Wengi hujibu bila kusita kwamba bomu ndilo la kwanza, na hoja yao ina uzito. Tarehe 7 Agosti 1998 milipuko miwili iliyopishana kwa dakika chache kwenye balozi za Marekani iliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, waumini wakiwa wamekusanyika kuzindua Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mbele ya balozi wa Papa. Watu 3 walikufa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Wiki sita baadaye, tarehe 15 Juni, bomu jingine likalipuka kwenye mkutano wa kampeni wa chama cha upinzani cha Chadema katika viwanja vya Soweto, jijini humohumo, likaua tena. Kisha ikaja Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa chuoni. Miongoni mwa waliotiwa hatiani kwa shambulio hilo alikuwamo kijana Mtanzania, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019. Mtu akisoma orodha hiyo ataona kwamba ugaidi wa kimataifa na ugaidi wa ndani havitenganishwi na mpaka. Kijana hutoka nyumba ya kawaida, mbele ya wazazi wa kawaida.

Hata hivyo mwaka huohuo wa 2013 una hesabu nyingine. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba watu 765 waliuawa nchini mwaka huo kwa tuhuma za uchawi, kutoka 630 mwaka uliotangulia. Walio wengi walikuwa wanawake. Mtanzania mwenye elimu anaikumbuka Olasiti, tena pengine anakumbuka alikuwa wapi habari ilipotangazwa. Hao 765 hawana tarehe. Walikufa mmojammoja, usiku, katika vijiji ambavyo majina yake hayakufika kwenye taarifa ya habari, na wakati mwingine sababu ilikuwa macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni.

Hapa msomaji makini atasimama na kupinga: hayo ni mauaji, lakini je, ni ugaidi? Hakuna ilani, hakuna bendera, hakuna madai kwa serikali. Pingamizi hilo linastahili jibu la kina. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, iliyotungwa baada ya Umoja wa Mataifa kuzitaka nchi wanachama zichukue hatua kufuatia mashambulio ya Septemba 2001 nchini Marekani, inataja makusudio kadhaa yanayokigeuza kitendo kuwa cha kigaidi, na mojawapo ni kuitia jamii hofu kubwa. Tazama basi mauaji ya vikongwe yanavyofanyika. Mpiga ramli anataja jina au kutoa dalili zinazomwelekea mtu. Mwenye kinyongo, mara nyingine ndugu anayetaka shamba, anakodi wakata mapanga. Mwanamke mmoja anakufa, lakini ujumbe unawafikia wajane wote wa kata ile: ukiwa mzee, ukiwa peke yako, ukiwa na ardhi, zamu yako inakuja. Wapo wanaohama na kuacha mashamba. Wapo wanaolala kwa watoto wao mjini na kurudi asubuhi kulima. Ikiwa kiini cha ugaidi ni kuua mmoja ili wengi watii, basi utaratibu huu unakidhi kipimo hicho kuliko mabomu kadhaa ambayo hadi leo watu wanabishana yalikusudia nini.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa watu wenye ualbino. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, wasiopungua 75 waliuawa Tanzania kati ya 2000 na 2015. Muuaji alitaka kiungo na pesa, na huenda hakuwa na haja ya kumtisha yeyote. Lakini matokeo yake yalikuwa watoto kuhamishiwa kwenye shule zenye kuta, mbali na mama zao, na wazazi kuogopa hata wajomba. Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, na polisi wakaanza kutumia maneno “ramli chonganishi” katika taarifa zao, angalau kiungo kimoja cha mnyororo huo kilipata jina lake halisi.

Makala haya hayapendekezi kwamba wakata mapanga washtakiwe kwa ugaidi. Sheria ya mauaji inawatosha, na neno ugaidi likiingia mahakamani huja na mzigo wake. Shtaka la ugaidi halina dhamana. Viongozi wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu kwa miaka mingi hadi Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoondoa kesi bila hukumu kutolewa. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, akaachiwa Machi 2022 kwa njia hiyohiyo. Nchini Kenya neno limenyooshwa upande mwingine: Januari 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa ugaidi kuhusiana na vifo vya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya waumini ilifukuliwa. Mtu anaweza kuona haki katika kesi hiyo ya mwisho na bado akaona hatari: kila serikali inapolikunjua neno hili, inajipa mamlaka ambayo kesho yatamwangukia mtu mwingine. Kwa hiyo yafaa kutenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Nani aitwe gaidi ni swali la waendesha mashtaka. Hofu ipi itazamwe kwanza ni swali la umma.

Na umma ukiulizwa, ujiulize kwanza macho yake yana kazi gani. Bomu la Olasiti lilihitaji wapelelezi, wataalamu wa milipuko, ushirikiano wa nchi jirani. Mkazi wa Singe angeweza kusali na kuchangia damu; zaidi ya hapo, mchango wake ulikuwa mdogo. Kikongwe anayenyooshewa kidole mtaani ni habari nyingine. Mwenyekiti wa mtaa amesikia, mtendaji wa kata amesikia, jirani ameona wageni wawili wakiulizia nyumba, na kila mmoja anajua shamba linagombewa na nani. Taarifa zote zipo, zimetawanyika katika vichwa vya watu wanaosalimiana kila asubuhi. Huko ndiko macho ya umma yanaokoa mtu, na ndiko yanakokosekana. (Isisahaulike kwamba macho bila sheria yamewahi kuua: sungusungu walioibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, baadhi yao waligeukia pia wanaodhaniwa wachawi.)

Kesi inayoipima hoja hii kwa ukali ni Kibiti.

Kuanzia 2016 na kwa nguvu zaidi 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga mkoani Pwani, watu wenye bunduki walikuja usiku kwa pikipiki na kuwaua wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, wanachama wa chama tawala. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja. Walioandika habari hizo walihesabu waliokufa kuwa karibu 40. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku, askari wakaongezwa, Simon Sirro akateuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwishoni mwa Mei, na baadaye mwaka huo mauaji yakapungua. Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na wachambuzi kadhaa wameona uhusiano kati ya waliokimbia Pwani na vita vilivyofuata huko. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2020, wapiganaji kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Kibiti ilikuwa na silaha na mpangilio kama ugaidi wa vitabuni, lakini waliolengwa walichaguliwa mmojammoja kama vikongwe wa Usukumani. Kiongozi wa kijiji aliuawa ili kiongozi wa kijiji jirani ajiuzulu, na ili mwananchi asipeleke tena taarifa kwa yeyote. Hofu ilifanya kazi yake. Na wauaji walipewa jina ambalo mzee wa Singida wa 1947 angelitambua mara moja: watu wasiojulikana.

Jina hilo halikubaki Pwani. Septemba 2017, mbunge Tundu Lissu alipopigwa risasi nyumbani kwake Dodoma akitoka bungeni, waliotenda walikuwa watu wasiojulikana. Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao wa sekretarieti ya Chadema aliposhushwa kwenye basi Tegeta na mwili wake kukutwa Ununio, ilisemwa hivyohivyo, ingawa Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi. Makala haya hayana ushahidi wa kumtaja mtendaji wa tukio lolote kati ya hayo, wala hayadai kuwa aliyetenda la kwanza ndiye aliyetenda la mwisho. Yanachodai ni kwamba utekaji unaorudiwa bila jibu la mahakama huwatia woga watu wengi kuliko wanaotekwa, na kwa kipimo hicho unastahili nafasi ya mbele kabisa, pamoja na mauaji ya ramli, kabla ya bomu ambalo vyombo vya usalama tayari vinalitazama usiku na mchana.

Si kila umwagaji damu uingie kwenye orodha hiyo. Januari 2014, wilayani Kiteto, mkoani Manyara humuhumu, watu wapatao 10 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Vibanda vilichomwa, watu walikimbia, na baadhi ya wasemaji walilitaja tukio kwa maneno ya kigaidi. Lakini pande zilijulikana, mpaka uliogombewa ulikuwa kwenye ramani, na dawa yake ilikuwa kwenye ofisi za ardhi na meza ya usuluhishi. Kuliita ugaidi kungemgeuza jirani mwenye dai kuwa adui asiye na dai.

Kinachohitajika ni kidogo na kinawezekana. Jeshi la Polisi lina uwezo wa kutangaza kila mwaka, mkoa kwa mkoa, idadi ya waliouawa kwa tuhuma za uchawi, waliotekwa na hawajapatikana, na kesi zilizofika hukumu, kwa bidii ileile inayotumika kutangaza ajali za barabarani. Mkutano wa mtaa, Singe au kwingineko, una uwezo wa kuuliza waziwazi kama yupo mzee anayetishwa, na kumwandikia mkaguzi wa polisi wa kata jina na tarehe. Na vyombo vya habari vinaweza kumlinda mwandishi wa wilayani, yule anayelipwa kwa habari moja moja, kwa kuwa yeye ndiye anayefika kwenye msiba kabla ya kila mtu. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa namna hiyo. Aliandikia Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, na aliandika juu ya mauaji yale yakiendelea. Tarehe 21 Novemba 2017 alifika kwa mkewe akiwa ndani ya gari jeupe pamoja na watu ambao mkewe hakuwafahamu, akamwambia anakwenda safari ya dharura, na hakurudi.